Fearless, Speak Now au Red: uanzie wapi ukitaka kumsikia Taylor Swift akikomaa

Anaeanza kumsikiliza Taylor Swift siku hizi anaanzia mwisho, kwenye zile albamu za pop, afu akisikia watu wanasema huyu dada alikuwa msanii wa kantri anabaki anashangaa. Alikuwa, tena wa kantri ya Nashville kabisa, mji ambao ndo makao ya muziki huo, familia yake ilihama kutoka Pennsylvania ikahamia Hendersonville, Tennessee, yeye akiwa na miaka 14 ili tu awe karibu na Nashville, na akitoka shule anakaa na mwandishi mzoefu Liz Rose wanatunga nyimbo. Sasa kama unataka kusikia mtoto yule anavyogeuka mtu mzima ndani ya muziki wake, hapo katikati kuna albamu tatu zilizofuatana kila baada ya miaka miwili: Fearless ya Novemba 2008, Speak Now ya Oktoba 2010 na Red ya Oktoba 2012. Zilitoka akiwa na miaka 18, 20 na 22. Hizo ndo nazilinganisha hapa. Ile ya kwanza ya 2006 yenye jina lake naiacha pembeni, ina banjo na fidla za kutosha na ukipenda kantri utaifurahia, ila bado ni mwanafunzi anajifunza kazi. Na 1989 ya 2014 naiacha pia maana mwenyewe aliitangaza kuwa ni pop, kantri ndo basi tena.

Jibu la haraka kwa mwenye haraka: anza na Speak Now. Sio kwamba ndo bora kuliko zote, Red inaizidi sehemu nyingi tu, ila ukianza na Speak Now utarudi nyuma kwenye Fearless ukijua nini kilibadilika na utaenda mbele kwenye Red ukiwa tayari. Mwenye muda asogee tuongee.

Kwanza kipimo, ili tusigombane baadae. Watu wengi wakisema Taylor alikomaa wanamaanisha aliacha banjo akaenda kwa maprodyuza wa Sweden, mi sikubali, kuhama aina ya muziki ni kuhama tu, mtu anaweza akahama na utoto wake wote kwenye sanduku. Mi naangalia vitu viwili. Kwanza, kwenye wimbo nani anabeba lawama. Pili, je, wimbo unaweza kuisha bila kumhukumu mtu, ukaachwa wazi hivyo hivyo, maana kijana akiandika wimbo wa mapenzi yaliyovunjika lazima kuwe na mbaya na mwema na mwisho mwema ashinde, mtu mzima anajua kuna mambo huwa hayana mshindi.

Sikiliza namba tano tu

Mashabiki wake wanajua hili: wimbo wa tano kwenye kila albamu huwa ndo ule anaoufungulia moyo. Kwenye Fearless ni White Horse, kwenye Speak Now ni Dear John, kwenye Red ni All Too Well. Zote tatu ni za mwanamke aliyeumizwa na mwanaume, kwa hiyo mada ni moja, kilichobadilika ni mwandishi. Ukizipiga zikifuatana hazifiki hata dakika 17, bando la leo linatosha, na ukimaliza karibu utakuwa umeshajua albamu yako ni ipi.

White Horse ina gitaa, piano na cello, vyote vinapigwa taratibu. Binti anagundua kwamba yeye sio binti mfalme na haya sio ya hadithini, na mji wao ulikuwa mdogo wakati dunia ni kubwa. Ni wimbo mzuri, ulimpa Grammy mbili mwaka 2010, na kwa mtoto wa umri ule kuweza kuukana ule uongo wa farasi mweupe wakati albamu hiyo hiyo namba tatu ina Love Story iliyojaa hadithi za mabinti wafalme, hilo sio jambo dogo. Ila angalia lawama iko wapi: yote kwa jamaa. Yeye alichokosea ni kuota tu. Na mwisho unajulikana, anaondoka, jamaa amechelewa, imeisha.

Dear John ni kitu kingine kabisa. Inakaribia dakika 7, gitaa la umeme linalia kama la blues, na haina haraka hata kidogo. Hapa mara ya kwanza anajiuliza labda kosa ni langu, labda ni haya matumaini yangu ya kipofu, afu anakwambia umri wake, 19, ili upime mwenyewe. Anaendelea kujilaumu kwamba angepaswa kujua, angepaswa kujua, halafu kiitikio cha mwisho kinageuka, anamwambia jamaa ni wewe ulitakiwa kujua. Badiliko dogo la maneno limebeba wimbo mzima na huwezi kulipata kama hukusikiliza dakika tano za mwanzo kwa utulivu, ndo maana nasema kwenye albamu hii alianza kumwamini msikilizaji.

All Too Well sasa. Kodi za gitaa ni nne tu zile zile kuanzia mwanzo mpaka mwisho, C, G, Am, F, kodi ambazo kila mtoto anaejifunza gitaa anazijua, hamna ujanja wowote wa muziki pale, kinachopanda ni sauti na vyombo vinaongezeka kidogo kidogo mpaka inafika mahali unasikia mtu anapasuka. Na hukumu hamna. Kuna skafu iliyosahauliwa nyumbani kwa dada yake jamaa, kuna wawili wanacheza jikoni kwenye mwanga wa friji, kuna mama anaonyesha picha za utoto za mtoto wake. Vitu vitupu. Kwenye Fearless angekwambia jamaa alikuwa mwongo, hapa anakuonyesha skafu bado iko kwa jamaa na hajairudisha, basi, malizia mwenyewe. Anauliza labda tulishindwa kuelewana, labda niliomba makubwa, halafu hajibu. Aliandika na Liz Rose, yule yule wa White Horse na wa zile nyimbo za baada ya shule, kwa hiyo wanaosema Red ilikuwa nzuri kwa sababu aliwaacha watu wa Nashville wausikilize tena huu.

Na nyimbo za furaha je

Watu wanapima ukomavu kwa machozi tu, mi naona furaha ndo inamsaliti mwandishi mchanga zaidi. Love Story anaichukua Romeo na Juliet na kuibadilishia mwisho, baba anakubali, pete inatoka, wimbo unapanda sauti juu kabisa kwenye kiitikio cha mwisho, na kiukweli ni mojawapo ya viitikio vilivyokaa vizuri kuliko vyote alivyowahi kutunga, sijawahi kuona harusi ya vijana wa Nairobi au Dar ikipigwa huu watu wakae kimya. Ila hadithi inaishia pale pete inapotoka. Mine, inayofungua Speak Now, inaanzia pale Love Story ilipoishia: wanaishi pamoja, kuna bili za kulipa, wanagombana saa nane na nusu usiku, binti anatoka mbio mtaani akijua ataachwa kwa sababu ndicho alichokiona nyumbani kwao. Jamaa anamfuata. Bado ni mwisho mwema lakini sasa mwisho mwema una bili ndani yake. Halafu Begin Again, ya mwisho kwenye Red: mtu anakunywa kahawa na mtu mwingine siku ya Jumatano, basi. Hakuna pete wala baba wala mvua. Miezi nane alikuwa anaamini mapenzi kazi yake ni kuungua na kuisha, leo kwenye mgahawa ameona yanaanza tena. Mi nikiulizwa kati ya hizo tatu ipi imekomaa sifikirii mara mbili, na tena ni ya kantri hiyo, waliipeleka kwenye redio za kantri.

Upande wa maadui napita haraka. You Belong with Me kwenye Fearless ina yule binti mwingine mwenye viatu virefu, na Better Than Revenge kwenye Speak Now inamshambulia binti mwingine vibaya mno, huo ndo wimbo wa kitoto kuliko yote kwenye albamu nzima na uko kwenye albamu ninayokusifia, naujua. Kwenye Red mwanamke adui karibu hayupo tena, na hakuna aliyemkumbuka.

Muziki wenyewe

Fearless ndo nyepesi kusikiliza kati ya zote tatu. Nyimbo 13, saba ameziandika peke yake, prodyuza ni Nathan Chapman pamoja na yeye mwenyewe, na sauti ni ile kantri ya redio iliyochanganywa na pop kwa kipimo ambacho mama na binti wanaweza kusikiliza gari moja bila ugomvi. Kama we ni wale waliolelewa na Jim Reeves, Don Williams na Kenny Rogers kwenye redio ya mzee Jumapili, au we ni Mkenya wa kantri kabisa unaefuata shoo za Sir Elvis, hii ndo itakusumbua kidogo kuliko zote tatu, banjo ipo, fidla ipo, kale ka-lafudhi ka Kusini kapo japo mwenyewe kwao ni Pennsylvania, hahaha. Iliuza kuliko albamu yoyote Marekani mwaka 2009 na Januari 2010 ikachukua Grammy ya albamu ya mwaka, akiwa na miaka 20, mdogo kuliko wote waliowahi kuichukua mpaka Billie Eilish alipokuja kumpita 2020. Udhaifu wake ni kwamba nusu ya pili nyimbo zinafanana, na sauti ya dada ilikuwa bado nyembamba. Usiku ule ule wa Grammy aliimba jukwaani na mkongwe wa rock Stevie Nicks na watu wakamponda hawakumwachia hata nafasi ya kupumua.

Kuponda huko ndo kulizaa nusu ya Speak Now, kwa maoni yangu. Kulikuwa pia na maneno kwamba hawezi kuimba na kwamba wakubwa ndo wanamwandikia, sasa albamu iliyofuata ina nyimbo 14 na zote 14 kaandika peke yake, hakuna jina lingine hata moja. Hebu fikiria ujasiri wa kufanya hivyo una miaka 20 na lebo inasubiri hela. Mean, yenye banjo kuliko nyimbo zote za hapo, ni jibu kwa mchambuzi aliyemponda, na ikachukua Grammy mbili mwaka 2012, kwa hiyo mchambuzi alimfanyia biashara. Haunted ina violini nyingi zilizopangwa na Paul Buckmaster na inakimbia kama rock. Back to December ndo wimbo wake wa kwanza wa kumwomba mtu msamaha, jamaa alimletea maua akayaacha yakafa, sasa anarudi mlangoni akijua huenda mlango una mnyororo na anasema nitaelewa. Huu wimbo ndo sababu kubwa ya mimi kuweka Speak Now mbele. Mtu aliyetumia albamu mbili kuhesabu makosa ya wanaume anasimama na kusema hili lilikuwa langu. Ukiongeza Innocent, ambayo anamwimbia Kanye West baada ya jamaa kumnyang'anya maiki kwenye tuzo za MTV Septemba 2009, unapata binti wa miaka 20 anamfariji mwanaume aliyekuwa na 32 siku ya tukio. Unaweza kuona ni huruma au unaweza kuona ni dharau iliyovaa nguo nzuri, mi naona zote mbili zipo na ndo maana wimbo unavutia.

Udhaifu wa Speak Now ni urefu. Kwa kuwa hakukuwa na mwandishi mwenza wa kumwambia dada hapa inatosha, nyimbo tano zinapita dakika tano, na Last Kiss inaenda polepole mpaka unaweza kwenda kununua maziwa dukani ukarudi ikawa bado. Kama huna subira na maneno, usianze hapa, nimesema.

Red ndo yenye vurugu, na vurugu ndo utamu wake. Nyimbo 16 na maprodyuza kibao: Chapman bado yupo, ila kuna Max Martin na Shellback, wale Waswidi, kwenye nyimbo tatu, We Are Never Ever Getting Back Together, 22 na I Knew You Were Trouble yenye ule mdundo mzito wa kielektroniki wa dabstep ambao 2012 uliwaacha watu wa Nashville wameduwaa, afu kuna Dan Wilson, Jeff Bhasker, Jacknife Lee na wengine. State of Grace inafungua kwa dramu za kujaza uwanja. Everything Has Changed yuko na Ed Sheeran. Wachambuzi walisema haijatulia, haijui ni kantri au pop, na Grammy ya albamu ya mwaka ilienda kwa Daft Punk Januari 2014. Mi nasema ile ya kutojua ndo ukweli wenyewe wa mtu wa miaka 22, kesho unacheza 22 na wenzio, keshokutwa unalia na All Too Well, albamu iliyonyooka ingekuwa ya uongo. Lakini kama we ni mtu unaependa albamu ikae na rangi moja kuanzia mwanzo mpaka mwisho, Red itakukera, na Stay Stay Stay utairuka tu, tusidanganyane.

Kwa namba za kuuza, Fearless ilianza na nakala 592,000 wiki ya kwanza Marekani, Speak Now 1,047,000 na Red milioni 1.2. Sizileti hapa kama ushahidi wa ubora, nazileta kwa sababu wakati huo watu walishaacha kununua CD na yeye anapanda tu, maana yake alikomaa na mashabiki wakakomaa nae bila kukimbia.

Ya zamani au Taylor's Version?

Hili ndo swali gumu kuliko lile la uanzie wapi, maana ukitafuta utakuta kila albamu ziko mbili. Kwa kifupi, lebo yake ya zamani Big Machine iliuzwa 2019 kwa kampuni ya Scooter Braun, masta zake, yaani rekodi zenyewe za asili, zikaenda humo humo, 2020 zikauzwa tena kwa kampuni ya Shamrock, na yeye akaamua kurekodi upya na kuziita Taylor's Version: Fearless ikatoka Aprili 2021, Red Novemba 2021, Speak Now Julai 2023. Zamani mashabiki walikuwa wanakugombeza ukistrimu ya zamani. Mei 2025 alizinunua masta zake zote kwa hiyo ugomvi umeisha, piga yoyote hela inamfikia.

Sasa kwa lengo letu la kusikia anavyokua, fikiria hivi: kwenye Fearless mpya anaeimba Fifteen ni mtu wa miaka 31. Sauti imeshiba, gitaa zimesafishwa, na wimbo wenyewe, ambao ni mtu anamshauri binti wa kidato cha kwanza asimwamini kila anaemwambia nakupenda, unapata uzito ambao haukuwepo, maana mwanzoni mshauri mwenyewe alikuwa bado ana 18. Ni nzuri. Ila zile tofauti nilizokuwa nazieleza hapo juu zinafutika, kwa sababu kwenye matoleo mapya anaeimba zote tatu ni mtu mzima, umepata nyimbo za kijana bila kijana mwenyewe. Ukomavu huwezi kuusikia kama hujamsikia akiwa mbichi.

Speak Now ndo iliyopoteza zaidi kwenye kurekodiwa upya. Hasira ya Mean na Haunted ilitaka koo la miaka 20, sauti ya mtu mzima aliyetulia inaziimba vizuri kupita kiasi. Na kwenye Better Than Revenge alibadilisha mstari mmoja uliokuwa unamdhalilisha yule binti, kama mwanamke namwelewa kabisa, kama msikilizaji anaetaka kusikia alikotoka nataka ule wa zamani ubaki nao usikike ulivyo. Red kinyume chake. Ile ilikuwa imeshakomaa 2012, mpya haijamnyang'anya kitu, na imeongeza nyimbo mpaka 30, mojawapo Nothing New aliyoimba na Phoebe Bridgers na aliyoiandika 2012, anauliza je mtaendelea kunitaka nikishakuwa sio mpya tena. Iweke hiyo pembeni ya Fifteen uone. Miaka minne tu katikati, huku anamshauri mtoto kuhusu wavulana, huku anaogopa kuzeeka na ana 22, na biashara ya muziki ndo iliyomtia hofu hiyo, wala sio mvulana yeyote.

Kwa hiyo mi ningechagua hivi. Binti yako au mdogo wako ana miaka 13 mpaka 16, mpe Fearless, ile mpya au ya zamani haina shida kwake, na usimlazimishe Dear John, itamfikia siku yake. Mpenzi wa kantri ya wazee, Fearless ya zamani halafu rukia Mean na Begin Again. Anaeandika nyimbo mwenyewe, awe wa bongo fleva au gengetone au kwaya, Speak Now ya zamani, yote, hata zile ndefu, maana hapo utasikia mtu mmoja anashinda na anakosea bila mtu wa kumwokoa. Na anaekuja kutoka kwenye albamu zake za pop, Red, ya 2021, ila ile All Too Well ya dakika 10, namba 30 kule mwisho, iliyofika namba moja Marekani na kuweka rekodi ya wimbo mrefu kuliko wote waliowahi kufika hapo, usiiguse mpaka ile fupi ya namba tano ikukae kichwani. Ukianza na ndefu utadhani fupi imekatwakatwa, wakati mi naona ndefu ina maneno ya hasira ambayo 2012 alikuwa na akili ya kuyaacha nje.